BUNDUKI YA MOSHI: MAUSER YA MWAKA 1871

Leo tunawageukia hasa ninyi mlioko Kiegei, Nachingwea na Ruangwa, maana kitu tutakachokieleza kilipita katika njia zenu. Nacho ni bunduki waliyoichukua askari wa Wajerumani, yaani Mauser ya mwaka 1871.

Walioibuni ni ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser. Gobori mnalijua: hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na mvua ikinyesha mwenye gobori hana kitu. Mauser hii hujazwa kwa nyuma. Fikirini komeo la mlango. Mpigaji huinua mkono wa komeo, hulivuta nyuma, hutia risasi moja, hulisukuma mbele, kisha hulilaza. Baruti imo ndani ya ganda la shaba, wala hailowi upesi. Ni kweli kila mlio hutaka risasi nyingine itiwe kwa mkono. Lakini aliyeizoea hupiga mara kadhaa kabla mwenye gobori hajamaliza kushindilia. Hayo ndiyo yaliyowakuta wazee wetu katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wengi wao wakiwa na mikuki na mishale tu.

Aibu yake ilikuwa moshi. Baruti yake huitwa nyeusi, lakini moshi wake ni mweupe na mzito. Askari akipiga mara moja tu, wingu hutanda juu ya kichaka alichojifichia, na adui mwenye baruti isiyo na moshi hujua pa kulenga. Jeshi la Ujerumani kwao lilikuwa limekwisha pata bunduki ya mwaka 1898, yenye kuchukua risasi tano. Zilizochakaa ndizo zilizobaki kwa askari Waafrika! Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari bado zilikuwa na ile ya 1871.

Kwa hiyo meli zilizopenya ulinzi wa Waingereza zilikuwa na thamani kubwa. Moja ilifika Manza, karibu na Tanga, mwaka 1915. Ya pili, Marie, iliingia Sudi, huko kwenu Lindi, Machi 1916, ikaleta silaha na risasi.

Kisha ikaja Mahiwa, 15 hadi 18 Oktoba 1917. Waingereza, pamoja na askari wao wa Nigeria, walipoteza watu zaidi ya 2,000. Lakini Wajerumani nao walimaliza karibu risasi zote zisizo na moshi, wakasaliwa na zile za bunduki kuukuu. Mwezi uliofuata Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano, na askari wake wakapata bunduki nyingine. Walipoweka silaha chini, 25 Novemba 1918, huko Mbala, iliyoitwa Abercorn wakati ule, bunduki walizozitoa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.