Kimihurura na somo la kutua mzigo

Jumapili mbili za kila mwezi, barabara kubwa za Kigali hufungwa asubuhi ili magari yasipite. Ukisimama karibu na mzunguko wa Kimihurura, penye kuba la Kigali Convention Centre, husikii honi. Unasikia viatu vya raba vikigonga lami, watoto wakiitana juu ya baiskeli, na mwalimu wa mazoezi akihesabu kwa kipaza sauti. Siku hizo wananchi hupimwa pia presha na sukari bila malipo. Utaratibu huu ulianza Mei 2016 mara moja kwa mwezi, na mwaka 2018 ukafanywa mara mbili.

Jumatatu, mahali hapohapo pana sura nyingine. Sekta ya Kimihurura, katika Wilaya ya Gasabo, imebeba Bunge, Ofisi ya Waziri Mkuu, makao makuu ya Mamlaka ya Mapato, hoteli, migahawa na ofisi zisizohesabika. Pikipiki za abiria zinapanda kilima moja baada ya nyingine. Watu wanashuka, wanarudisha kofia za chuma, na kabla hawajavuka barabara simu zimekwisha kuwafikia sikioni.

Mtazame mama mmoja miongoni mwao, wa aina ambayo kila msomaji anaifahamu. Ofisini ni mhasibu, nyumbani ana watoto watatu, kanisani ni mwimbaji wa kwaya, na mtaani ni mweka hazina wa kikundi cha akiba. Kichwani ana ripoti inayotakiwa kabla ya saa sita, ada ya shule, mchango wa harusi ya binamu yake na mazoezi ya kwaya jioni. Ukimsalimu atakujibu, "Namshukuru Mungu," na kweli anamshukuru. Ila usiku usingizi haumjii, na mchana anamkaripia mtoto kwa kosa dogo mpaka mwenyewe anashtuka. Imani anayo. Alichokosa ni nafasi ya kuikalisha imani hiyo ndani ya siku yake.

Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo. Anayeomba bila kupanga humwita Mungu kila siku azime moto ambao yeye mwenyewe anauwasha. Anayepanga bila kumtegemea Mungu hufika mahali ratiba yake ikamgeukia kuwa mjeledi. Sala na mpango vikikaa nyumba moja, mtu hupumua.

Saa za kazi zilipopunguzwa

Rwanda ni nchi inayoheshimu kazi, na ndiyo sababu uamuzi wake wa mwaka 2022 unastahili kutazamwa vizuri. Mwezi Novemba mwaka huo, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 kazi za serikali zianze saa tatu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni, na masomo yaanze saa mbili na nusu. Sababu zilizotajwa zilikuwa ubora wa elimu, tija kazini na ustawi wa familia. Kwa maneno mengine, serikali ilikiri hadharani kwamba mzazi anayemwona mwanawe akiwa amelala tu, asubuhi na usiku, ni hasara kwa taifa.

Dunia nayo ilikuwa imeshatoa onyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu uliokithiri wa kazini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali zinazohusu afya, likiueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Hata hivyo, sheria inaweza kufunga mlango wa ofisi, lakini haiwezi kufunga mlango wa moyo. Saa kumi na moja ikilia, wengi huondoka na kompyuta begani na hofu kifuani. Hapo ndipo serikali inapoishia na swali la imani linapoanza: nani amekwambia kwamba usipokesha dunia itasimama?

Daktari aliyechoka wa Gahini

Swali hilo si geni katika nchi hii. Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake alikuwa Mwingereza kijana, Joe Church. Mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliikumba sehemu hiyo. Daktari alihangaika na wagonjwa, wenye njaa na wanaokufa, mpaka nguvu za mwili na za roho zikamwishia. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, na daktari akamfungulia moyo. Kwa siku mbili wakakaa pamoja, wakasoma Biblia na kuomba.

Wanahistoria wengi huutaja mkutano huo kuwa chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Mimi huangalia mlango ambao baraka hiyo ilipitia. Daktari hakukutwa na uamsho akiwa katikati ya pilikapilika zake. Alikuwa ameacha kazi kwa muda, amekubali kwamba amechoka, na amekaa na mtu mmoja bila haraka. Tena yeye, aliyekuja kufundisha, alikubali kufundishwa na mwenyeji.

Uamsho huo ulituachia pia desturi yenye faida kubwa kwa afya ya nafsi. Ndugu hukutana mara kwa mara katika kundi dogo, na kila mmoja husema wazi dhambi yake, hofu yake na mzigo wake, kisha wenzake humwombea. Katika nchi zote za Maziwa Makuu, wimbo wa Tukutendereza ukawa alama ya watu wasiojifanya. Katika ofisi za leo, ambako kila mtu anajibu kwamba yuko salama, desturi hiyo tunaihitaji kuliko wakati wowote.

Ushauri wa baba mkwe

Kuna Wakristo wanaodhani kupanga ni kukosa imani. Wamesahau Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake, na foleni haipungui. Baba mkwe wake, Yethro, alitazama siku moja tu akamwambia kwamba jambo hilo si jema, litamchosha yeye na watu wake pia. Akamshauri achague watu waaminifu, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kesi kubwa zimfikie yeye, ndogo waamue wao. Musa aliyezungumza na Mungu mlimani hakuona aibu kusikiliza somo la utawala kutoka kwa mkwewe.

Yesu naye, katika Luka 14, alitumia mfano wa mjenzi wa mnara anayekaa kwanza kupiga hesabu ya gharama. Na Eliya alipokata tamaa hadi kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mbinguni kwenyewe panajua kwamba kuna huzuni ambayo mwanzo wa dawa yake ni usingizi na chakula.

Wanyarwanda wana maneno mawili yanayobeba hekima hii. La kwanza ni imihigo, ahadi zinazopimika ambazo wilaya zimekuwa zikiweka mbele ya Rais tangu 2006, na ambazo hata kaya huweza kujiwekea. La pili ni umwiherero, kujitenga kando ili kutafakari. Viongozi wa nchi wamekuwa na umwiherero wao, na waumini wamelitumia neno hilohilo kwa mafungo ya sala. Imihigo bila umwiherero huzaa watu wanaokimbia wasijue waendako. Umwiherero bila imihigo huzaa ndoto nzuri zisizopata miguu.

Kanisa nalo lijichunguze

Lazima niseme hili kwa upendo. Wakati mwingine kanisa lenyewe linaongeza mzigo. Jumanne kuna maombi, Jumatano kamati, Alhamisi kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi harusi, na Jumapili ibada inayofuatiwa na vikao. Juu ya hayo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ya jamii inayohusu kila mtu mwenye uwezo. Mwanamke aliyechoka akikosa mkutano mmoja anaulizwa kama amepoa kiroho. Mchungaji mwenyewe hana siku ya kupumzika, na hakuna anayemuuliza. Wazee wa kanisa wangefanya kazi ya Yethro kama wangekaa na kalenda ya mwaka na kufuta mikutano isiyo ya lazima.

Kuna jingine zito zaidi. Kuta za jengo la Bunge hapa Kimihurura bado zina alama za risasi za mwaka 1994, na nafsi za watu nazo zina alama zake. Utafiti wa taifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba takriban asilimia 12 ya watu wana sonona, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni asilimia 35. Majeraha ya baadhi yao yaliwapata ndani ya makanisa walimokimbilia. Mtu wa namna hiyo usimwambie aongeze imani na kununua daftari la ratiba. Mpeleke kwa mtaalamu, nenda naye, msubiri nje. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, katika Wilaya hii hii ya Gasabo, ilianzishwa na watawa wa Kikatoliki, Mabruda wa Upendo. Kwa hiyo kanisa lilikwisha kujibu zamani kama daktari wa akili ni adui wa sala au ndugu yake.

Anza Jumapili hii

Kwa aliyelemewa na shughuli tu, nina mambo machache ambayo hayahitaji fedha. Jumapili jioni, kaa dakika 30 na kalamu. Andika kila jambo linalokusumbua, hata mchango wa harusi, kwa kuwa lililoandikwa halihitaji tena kukuamsha usiku wa manane. Chagua mambo matatu ambayo wiki hii hayawezi kungoja. Kando ya kila lililobaki, andika jina la mtu anayeweza kulifanya, au siku nyingine, au neno "hapana". Baba mwenye nyumba, tafuta jina lako katika orodha ya mkeo. Ukilikosa, liandike mwenyewe.

Kisha ombea orodha hiyo jambo kwa jambo. Usiijaze siku hadi ukingoni, maana mgonjwa, mvua na mgeni havitoi taarifa. Weka saa ya kuzima simu, na uiheshimu kama unavyoheshimu saa ya kufika kazini. Linda siku moja ya mapumziko kwa wiki. Kupumzika ni kukiri kwamba Mungu anaendelea na kazi wewe ukiwa umelala.

Mwisho, tafuta watu wawili au watatu wa kuwaambia ukweli. Daktari wa Gahini alimhitaji mmoja tu.

Jumapili ya magari kufungiwa barabara, mji mzima unathibitisha jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa: shughuli zikisimama kwa saa chache, hakuna kinachobomoka. Kuba la Kimihurura linabaki palepale, na Jumatatu kazi inakukuta. Ndugu msomaji, tua mzigo kwanza. Ukiuinua tena, utajua upi ni wako na upi ulikuwa wa mwingine.