Maradhi ya Kutetemeka na Tiba ya Jeni: Sehemu ya Pili

Baada ya kueleza katika sehemu ya kwanza namna jeni zirithiwavyo kwa baba na mama, leo tuyaingie maradhi yenyewe, yale ambayo tabibu wa Kiingereza James Parkinson aliyaandika mwaka 1817, na ambayo mitaani kwetu, Gitega na Muyinga, aghalabu husemwa kuwa ni uzee tu, au, kwa ndimi zisizo na huruma, kuwa ni uchawi.

Mtazame mzee mwenye maradhi hayo akiwa ameketi barazani baada ya sala ya alasiri. Mkono wake uliotulia juu ya goti hutetemeka, kidole gumba kikisuguana na kile cha shahada kana kwamba avuta tasbihi, ilhali aunyooshapo kushika kikombe cha kahawa, tetemeko hupungua au hukoma. Hatua zake zimekuwa fupi, uso umekauka hauonyeshi furaha wala huzuni, vifungo vya kanzu vinamshinda, na hati yake, iliyokuwa ikisifiwa, yazidi kuwa ndogo kadiri mstari uendeleavyo. Huyu hakurogwa. Ndani kabisa ya ubongo wake chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali isaidiayo kuongoza mwendo wa mwili, zimekufa, na dalili hazikudhihiri ila baada ya sehemu kubwa ya chembe hizo kwisha kupotea.

Sababu ya vifo hivyo haijawa moja kwa wagonjwa wote, lakini mojawapo yajulikana vyema. Kila chembe ina mahali pake pa kuvunjia taka, na hapo hufanya kazi kimeng'enya kivunjacho aina fulani ya mafuta, ambacho hutengenezwa kwa maagizo ya jeni iitwayo GBA1. Kimeng'enya hicho kikipungua, taka hazivunjwi sawasawa, na protini iitwayo alfa-sinukleini hupata nafasi ya kurundikana.

Mwaka 2023 Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, pamoja na Mie Rizig wa London na wenzao, baada ya kuchunguza jeni za wagonjwa wapatao 1,500 wenye asili ya Afrika na kuzilinganisha na za watu wengi wasiougua, walitangaza badiliko katika GBA1 ambalo kwa Wazungu ni nadra mno: aliyerithi nakala moja, hatari yake ya kuugua huwa kiasi cha mara 1.5, na aliyerithi mbili, mara 3.5. Kurithi si kuugua. Wengi walio nalo wataishi na kufa pasipo kutetemeka.

Huko Marekani, kampuni ya Prevail ilikwisha kuanza kuwajaribia wagonjwa tiba ya jeni hiyohiyo. Virusi visivyodhuru, viitwavyo AAV9, huondolewa jeni zao na kupakiwa GBA1 iliyo nzima, kisha hutiwa kwa sindano katika majimaji yaliyo nyuma ya ubongo, penye kisogo, ili viifikishe kwenye chembe. Badiliko la Kiafrika haliharibu umbo la kimeng'enya, bali huivuruga chembe isomapo jeni, kikapatikana kichache. Kwa hiyo akili yakubali kwamba nakala nzima ingewafaa na watu wetu. Akili peke yake, hata hivyo, si ushahidi, na naona ni dhulma iliyo wazi majaribio kama haya yafanyike bila mgonjwa mwenye damu ya kwetu.

Lakini atajulikanaje, naye hajatambuliwa? Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, wakawakuta wagonjwa 33, kama walivyochapisha mwaka 2008, na walio wengi hawakuwa wamepata kuambiwa na tabibu yeyote jina la maradhi yao, sembuse kupewa levodopa, dawa ya vidonge iliyothibitika tangu miaka ya 1960, na ambayo asili yake imo hata katika mbegu za upupu. Hesabu ya namna hiyo, kilima kwa kilima, ndiyo niiombeayo Muyinga na Gitega, na vidonge vitangulie sindano.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza kwa nini miili ya watu wengi wa Afrika, iliyokwisha kukutana na virusi vya jamii ya AAV tangu utotoni, huweza kuikataa tiba hiyo kabla haijafika ubongoni.