Virusi Navyo Vina Ukoo

Desemba ikifika, Wachagga hurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Barabara ya kupanda Uru kutoka Moshi mjini hujaa magari yaliyotoka Dar es Salaam, Arusha, hata Nairobi. Mbege, pombe ya ndizi, hupikwa, na kijana asiyejulikana huulizwa na wazee: wewe ni wa ukoo gani?

Swali hilo wanasayansi huviuliza virusi. Jenomu ya VVU ina herufi zipatazo 9,700 tu, na inaponakiliwa hukosewa mara kwa mara. Makosa hayo hurithiwa. Virusi viwili vyenye makosa yaleyale vina babu wa karibu. Vikitofautiana sana, babu yao ni wa zamani. Zikipatikana sampuli za kutosha, kompyuta huchora mti wa ukoo mzima.

Moshi ilianza kuchunguzwa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa hospitali ya KCMC, akiwemo Ireen Kiwelu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, walisoma vinasaba vya VVU vya wanawake wahudumu wa baa na hoteli za mji huo. Wakakuta aina A, iliyoenea Kenya na Uganda. Aina D, inayopatikana sana Uganda. Na aina C, inayotawala kusini mwa Afrika. Palikuwa pia na virusi mseto, ambavyo huzaliwa pale aina mbili zinapokutana ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kwa mji wa njia panda, si ajabu.

Mtu mwenye haraka atasema basi wahudumu wa baa ndio chanzo. Mti hausemi hivyo. Waliopimwa ni wao. Wateja wao hawakuwamo, na asiyepimwa hana tawi.

Rakai, Uganda, jirani na mkoa wetu wa Kagera, pande zote mbili, wavuvi na wanavijiji, zilipimwa. Kwenye mialo ya wavuvi ya Ziwa Victoria, watu wazima wanaoishi na VVU walikaribia asilimia 40. Vijiji vya mbali na ziwa vilikuwa chini ya nusu ya hapo. Wengi waliamini mialo ndiyo inayoambukiza vijiji. Oliver Ratmann na wenzake walisoma virusi vingi kutoka kwa kila mtu, si kimoja kimoja, kwa sababu virusi vya mtu mmoja vikionekana kuchipuka katikati ya vile vya mwenzake, kuna dalili ya nani alitangulia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaligeuza hadithi: virusi vilitoka vijijini kwenda mialoni zaidi kuliko vilivyorudi. Mwalo ulikuwa ukipokea, na lawama ukabebeshwa.

Dalili hiyo ya nani alitangulia hufaa kwa umati. Kwa watu wawili ni hatari, maana huenda mtu wa tatu, ambaye hakupimwa kamwe, ndiye aliyewaambukiza wote. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inafanya kuambukiza kwa makusudi kuwa kosa la jinai, hivyo mchoro wa namna hii ukifika mikononi mwa wakili unaweza kumfunga asiyehusika. Kufuta majina hakutoshi. Kwa Uru, taja kijiji, umri na kazi, jirani atamalizia jina.

Kisonono kinahitaji mbinu hii ya kusoma vinasaba pengine zaidi kuliko VVU, kwa kuwa bakteria wake wanazidi kuwa sugu kwa dawa. Lakini kwenye zahanati zetu mgonjwa hutibiwa kwa dalili, bila kuoteshwa bakteria. Utaratibu huo si mbaya: majaribio ya Mwanza ya 1991 hadi 1994 yalionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Tatizo ni kwamba bakteria hufa bila kusomwa. Taasisi ya utafiti ya KCRI, palepale KCMC, ina mashine za kusoma jenomu. Wagonjwa wachache kutoka vituo vichache, wakichukuliwa usaha kabla ya kupewa dozi ya kwanza, wangetosha kuanzia.