Soma Kifuniko cha Tangi Kabla ya Kulipia Oktani

Mwalimu mmoja aliniletea Toyota IST yake akilalamika kwamba inachoka mlimani. Kwa miezi mitatu alikuwa akijaza petroli ya bei ya juu kwa sababu aliambiwa inaongeza nguvu. Nilipofungua boneti nikakuta plagi zimekwisha na chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Fedha aliyokuwa akiongeza kila akijaza tangi ingenunua vyote viwili na chenji ikabaki.

Namba ya oktani hupima uvumilivu wa petroli inapobanwa. Pistoni ikipanda hugandamiza hewa na mafuta hadi yapate joto kali, kisha plagi huwasha, na moto hutambaa kuelekea pembeni mwa silinda. Petroli isiyovumilia hulipuka yenyewe huko pembeni kabla moto haujaifikia. Ndipo unaposikia injini inagonga, kama njugu kwenye kopo, hasa gari likiwa na mzigo na unapandisha mlima Kitonga. Kugonga huko kukiachwa kuendelea kunaweza kutoboa pistoni. Lakini lita ya 95 haibebi joto zaidi ya lita ya 93, kwa hiyo injini isiyobana sana haina la kupata kutoka kwenye uvumilivu huo wa ziada.

Zinazouhitaji zipo: injini zenye mgandamizo mkubwa, na zenye turbo kama baadhi ya Subaru Forester. Nyingi za kisasa zina sensa inayosikia kugonga huko na kuchelewesha cheche. Gari litapona, ila nguvu itapungua na mafuta yataliwa zaidi. Magari ya zamani ya kabureta hayana mlinzi huyo.

Jibu la gari lako mara nyingi limebandikwa nyuma ya kifuniko cha tangi. Ukiona レギュラー, yaani regyuraa, mtengenezaji alikusudia petroli ya kawaida. ハイオク, haioku, au プレミアム, puremiamu, ni ya oktani ya juu. Kiwango cha Japani cha petroli ya kawaida kinaanzia 89, wakati super ya Kenya imezoeleka kuwa 93. IST ya mwalimu ilikuwa tayari inakunywa zaidi ya ilichoombewa.

Namba za Marekani zisikuchanganye. Wao huandika wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 yao ni kama 91 au 92 yetu, na 93 yao inakaribia 98. Fundi wa kule anayekuonya kwenye video kuhusu 87 hazungumzii pampu ya mtaani kwako.

Nakubali kwamba baadhi ya petroli za bei ya juu zina dawa nyingi zaidi za kusafisha nozeli. Hilo ni jambo la dawa, na oktani haihusiki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na yakichanganywa kwenye petroli hushusha uvumilivu wake wote. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010. Kama gari lako halijawahi kugonga, na limeanza siku ileile uliyojaza tangi, usikanyage mafuta kwa nguvu, usipakie mzigo, tunza risiti na utoe taarifa kabla tangi halijaisha, maana ushahidi uko humo ndani.