Karani wa Serikali na Kadi ya Chama

Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. TAA, chama kilichozaa TANU mwaka uliofuata, kikapokonywa makarani na walimu wake kwa karatasi moja.

Tabora iliguswa pabaya. Shule ya Serikali ya Tabora ndiyo iliyowaandaa vijana wa Kiafrika kwa kazi za ofisini, na mwajiri mkuu wa mtu mwenye elimu ile alikuwa serikali yenyewe. Rashidi Kawawa alipita shuleni hapo, akaajiriwa katika ustawi wa jamii, akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kudai nyongeza ya mshahara aliruhusiwa, kadi ya TANU hapana. Mwaka 1956 aliacha kazi akaenda kuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Wengi hawakuthubutu, na siwalaumu: mshahara wa karani mmoja ulilisha ukoo.

Siasa haikufa. Ilihamia kwa wachuuzi, madereva, wakulima na akina mama, watu ambao serikali haikuwa na ajira ya kuwafukuza. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kuamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Tarehe 21 Januari 1964 maasi ya jeshi yalifika kambi ya Kalewa, Tabora. Serikali ikataka utii wa wanaoitumikia, na mwaka huohuo milango ya TANU ikafunguliwa kwa askari na watumishi wa umma. Aliyekatazwa chama jana sasa alitarajiwa kuwa mwanachama, na hilo nalo humfunga mtu mdomo.

Leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi, polisi na askari magereza kujiunga na chama, ila kura yake anapiga. Mtumishi wa kiraia anaruhusiwa chama. Maadili ya utumishi yanamzuia kufanya siasa saa za kazi au ofisini, kumbagua mwananchi kwa itikadi, na kukipa chama chake siri za kazi. Mipaka hii naiunga mkono, kwa sababu inamlinda anayepanga foleni dirishani. Waraka wa 1953 ulimlinda mtawala.

Kwa hiyo mwalimu wa Urambo anayesimama kwenye mkutano wa kijiji Jumapili na kuuliza kwa nini zahanati haina dawa hajavunja kanuni yoyote kati ya hizo, wala hastahili kuandikiwa barua ya kujieleza Jumatatu.