Ugali wa Jana, Sato wa Leo

Kama na wewe mwenzako anafanya kazi mkoa mwingine, utanielewa haraka. Mume wangu alihamishiwa Mwanza mwaka 2023, mimi nikabaki Dar na kazi yangu ya uhariri. Kila nikimfuata, siku zetu mbili zinaishia hotelini: kuku, soda, kila mtu na simu yake. Bili ikija ndipo tunaongea, tena kwa kununiana.

Safari moja nikaenda na jambo moyoni. Nilitaka kumuuliza kama bado tupo, au tunalipa nauli tu. Nafika, bwana ananionyesha fimbo mpya ya kuvulia na kiboksi cha visamaki vya plastiki. Eti elfu tisini! Nikameza maneno yangu.

Jumamosi alfajiri tukakaa kwenye mawe ya ziwani. Saa mbili nzima, patupu. Pembeni yetu mzee mmoja, mshipi wake kauzungushia kopo, anatoa sato kama anachuma maembe.

"Shikamoo babu. Unatumia chambo gani?"

"Marahaba. Ugali, mjukuu wangu. Sato hana shida na plastiki."

Kumbe ndivyo. Sato anakula zaidi mimea midogo ya majini na vidudu, na mdomo wake ni mdogo. Kisamaki cha plastiki kinamfaa sangara, ambaye anawinda samaki wenzake. Tulikuwa tunamwandalia mgeni chakula asichokula.

Jioni nikaingia jikoni. Chukua donge la ugali wa jana, kama ngumi hivi. Lifikiche, kisha likande na vijiko viwili vya unga wa ngano mpaka linate. Likishika vidole, ongeza unga. Likikatika, nyunyiza maji. Wengine hutia sukari au vanila. Mimi nilitia, sikuona tofauti. Siri ni pamba ya dukani: nyofoa nyuzi chache uzikandie humo humo, donge halimung'unyuki upesi majini. Viringisha kidonge kama punje ya harage, funika ndoano ndogo. Halafu tupa konzi ya pumba zilizoloweshwa karibu na boya ili samaki wakusanyike. Konzi moja tu, usije ukawashibisha bure!

Kama huna ugali, mkate mweupe uliofinyangwa unafaa, na mahindi ya kopo ya supamaketi pia, punje moja moja.

Kambare ni habari nyingine. Huyu anatafuta chakula usiku, kwa sharubu na harufu, kwa hiyo mpe utumbo wa kuku, maini au kipande cha soseji. Maini ni laini, yafunge kwa uzi kwenye ndoano. Niliushika huo utumbo na kucha zangu za saluni, shosti, usiniulize harufu ilitoka lini.

Kabla hujaenda, pita ofisi ya uvuvi uulize habari za kibali na mahali panaporuhusiwa. Na kaa juu ya mawe: maji ya kingoni yana kichocho, na sehemu nyingine zina mamba.

Sasa turudi kwangu. Jumapili asubuhi tulirudi pale pale na bakuli letu. Kuvua kwa boya hakuna cha kufanya ila kulitazama, na simu huwezi kuishika kwa vidole vyenye unga. Nikauliza lile swali langu, macho kwenye maji.

Akanyamaza kidogo. Akasema wikiendi za peke yake zilikuwa ndefu mno, ndiyo maana alinunua ile fimbo. Na kwamba kila nikipiga simu kusema nakuja, anaogopa nakuja kuaga.

Boya likazama. Hakuna aliyevuta. Samaki alikula ugali wetu akaenda zake, na sisi tukaendelea kuongea mpaka jua likawa kali. Tulipata sato watatu, siyo wakubwa, tukawachoma kabla sijakimbilia uwanja wa ndege.

Ijumaa iliyopita kanipigia akiwa supamaketi.

"Mama, unga wa ngano tunao?"

Nikamwambia upo, kabati la juu, na asinimalizie pamba.