Mkenya wa Nyuma Katika Mbio za Istanbul

Watu waliojipanga kandokando ya Barabara ya Kennedy mjini Istanbul asubuhi ile hawakuwa na makosa. Waliona bendera ya Kenya kwenye fulana yangu, na kwao wao bendera hiyo ikionekana mbioni huwa iko mbele ya wengine wote. Basi wakapiga makofi na kupaza sauti: "Kenya! Kenya!" Kisha wakanitazama vizuri. Wakaliona tumbo, wakaziona hatua, na makofi yakapungua mojamoja hata yakanyamaza. Mtoto mmoja aliyekuwa mabegani mwa baba yake alinipungia mkono kwa huruma.

Mpenzi msomaji, mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, karani kwa kazi yangu, na siku hiyo ya mwisho wa Aprili 2024, nilipokimbia nusu marathoni ya Istanbul, umri wangu ulikuwa miaka 53. Kabla ya hapo mbio nilizozijua ni zile za kuiwahi feri ya Likoni.

Jambo hili la mbio lina maneno mengi kwetu. Ukikaa barazani wakati wa kahawa ukataja kukimbia, utaambiwa kwamba hizo ni kazi za watu wa bara, waliozaliwa milimani penye baridi, na kwamba mtu wa pwani hana haja ya kukimbizana na mtu. Mimi mwenyewe niliyasema hayo miaka mingi. Tena ushahidi tulikuwa nao. Mwezi wa Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliletwa Mombasa, katika uwanja wa gofu, na joto letu likamtoa njiani Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa ambaye kwa miaka mitano mfululizo hakuna aliyemweza katika mbio zile ndefu. Ikiwa Bekele amelemewa na jua la Mombasa, tulikuwa tukiuliza, sisi ni nani? Kwamba Zersenay Tadese wa Eritrea alikimbia katika jua lilo hilo akashinda, hilo hatukulizungumza.

Kilichoniondoa barazani ni maradhi ya sukari. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa nayo. Yalimwanza na kidonda cha kidole, kidogo kama punje ya mtama, na kabla ya mwaka kwisha akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Ninachokikumbuka mno si magongo yake, bali ni jinsi alivyokuwa akiswali juu ya kiti katika safu ya mwisho, pembeni karibu na mlango, mtu ambaye umri wake wote alikuwa akiiwahi safu ya mbele. Siku nami nilipopewa karatasi ya maabara yenye jina la ugonjwa huo, nilirudi nyumbani kwa miguu, nikizihesabu hatua kana kwamba miguu yenyewe nimeazimwa.

Nilianza kwa kutembea baada ya swala ya Alfajiri, kutoka Mji wa Kale hadi Mama Ngina, huko kwenye mibuyu na upepo wa bahari. Kisha nikawa nakimbia kutoka mbuyu mmoja hadi wa pili, natembea hadi wa tatu. Mke wangu alichelea nisije nikaanguka. Vijana wa mtaani walinipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mtoto wa dada yangu anasomea uhandisi Istanbul kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki. Aliposikia habari za mibuyu akaniandikia: "Mjomba, huku kuna mbio za kilomita 21 zinazopita kandokando ya mji wenyewe wa kale, na njia yake ni tambarare. Njoo ukimbie, kisha nikupeleke Eyüp." Neno hilo la mwisho ndilo lililonishika.

Eyüp ni mtaa ulio nje kidogo ya kuta za zamani, na jina lake ni la Sahaba Abu Ayyub Al-Ansari, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, yule ambaye Mtume (S.A.W.) alishukia kwake alipohamia Madina. Katika karne ya 7 Waislamu walipouzingira mji huo, ulipokuwa ukiitwa Konstantinopoli, Abu Ayyub alikuwa mzee sana, naye alikwenda. Akaugua huko huko, akausia azikwe mbali kabisa kadiri jeshi litakavyoweza kufika. Mji wenyewe haukufunguliwa hadi mwaka 1453, na Sultani Muhammad wa Pili, kijana wa miaka 21. Nami nilikuwa nikisema kwamba umri wangu umekwisha pita!

Miezi ya mwisho ya mazoezi iliingiliana na Ramadhani. Daktari alinipangia upya vidonge vyangu na kunikataza katakata kukimbia nikiwa nimefunga, kwa hiyo nilikimbia usiku baada ya tarawehe, watu wakila viazi karai na mishikaki, mimi napita katikati yao na suruali yangu ndefu na raba mpya. Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili. Haluwa ya mwaka huo niliitazama tu.

Mbio huanzia na kuishia Yenikapı, kwenye pwani ya Bahari ya Marmara. Asubuhi ilikuwa na baridi ambayo kwetu ingemfanya mtu asitoke ndani, na nilipowaona Waturuki na vikaptura vyao nilidhani nimepotea njia. Lakini mara nikawaona pia akina mama waliofunga hijabu zao barabara, mikono mirefu, suruali pana, wakinyoosha misuli. Baadaye wengi wao walinipita.

Kwa kilomita nne za mwanzo bahari iko mkono wa kulia na mji uko mkono wa kushoto. Nyuma ya barabara kuna mabaki ya kuta za baharini, mawe na matofali mekundu yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, mahali pengine zimesimama, mahali pengine zimebomoka na miti imeota ndani yake. Juu ya kuta hizo unaiona minara sita ya msikiti wa Sultani Ahmed, uliojengwa tangu 1609, na karibu yake kuba la Aya Sofya, jengo lililosimama tangu mwaka 537, lilipokuwa kanisa. Likawa msikiti 1453, likafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na mwaka 2020 likawa msikiti tena. Mtu anayekimbia polepole ana faida moja: huyaona yote haya.

Nikawa namkumbuka Mturuki mmoja ambaye sisi wa Mombasa tungepaswa kumjua zaidi. Mir Ali Bey alikuja pwani yetu na marikebu zake katika miaka ya 1580, na miji mingi ikampokea ili iondokane na Wareno. Mwaka 1589 alikamatwa Mombasa, Wareno wakiwa upande wa bahari na Wazimba upande wa bara, na akapelekwa Ureno. Wareno walikuwa wameshtuka. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus. Kwa hiyo ngome ile ninayopita karibu yake kila Alfajiri ilijengwa kwa sababu ya hofu ya mji huu ninaoukimbia. Nilikuwa nataka kumweleza mtu habari hii, lakini pumzi hazikuniruhusu.

Sarayburnu ndipo barabara inapopinda chini ya jumba la Topkapı, yanapohifadhiwa masalia matukufu, pamoja na joho linalonasibishwa na Mtume (S.A.W.). Hapo nilitoa leso nijifute jasho. Sikujua kwamba pamoja na leso zilianguka tende zangu saba, ambazo daktari aliniusia nisiachane nazo.

Tulipopita Eminönü tukaingia kwenye ukingo wa Haliç, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji, na karibu na Unkapanı nikawaona wenzangu wakirudi. Nasema wenzangu kwa sababu ya fulana. Walikuwa watu wa mbele, wembamba, kimya, nyayo zao hazikusikika. Nilipaza sauti, "Jamani, Kenya!" Mmoja akageuza jicho, akaiona bendera, akainua kidole kimoja bila ya kupunguza mwendo. Kwa muda wa nusu saa kidole hicho kilinibeba. Ni katika njia za mji huu huu ambapo Aprili 2021 Ruth Chepngetich alikimbia kwa saa 1, dakika 4 na sekunde 2, wakati ambao mwanamke yeyote duniani alikuwa hajaufikia. (Mambo ya dawa yaliyomfungia mwaka 2025 yalikuja baadaye, na ya siku ile hayakufutwa.) Mimi saa yangu iliposoma saa 1 na dakika 4 nilikuwa sijafika hata pa kugeukia.

Pa kugeukia ni mbele ya Fener na Balat, mitaa ambayo zamani Wagiriki na Mayahudi walikaa kwa wingi. Eyüp haiko mbali na hapo. Lakini njia inageuka, nawe huna budi kugeuka nayo.

Karibu na Eminönü, katika kurudi, kilomita kama ya 15, jasho langu likawa la baridi. Vidole vilianza kutetemeka, na ile minara ya msikiti wa Suleymaniye juu ya kilima nikaiona mara mbili. Nilijua ni nini. Sukari ilikuwa imeshuka. Nikatia mkono mfukoni kutafuta tende, nikakuta mfuko mtupu. Nikauliza kituo cha maji kiko wapi, nikaonyeshwa mbele, na mbele palikuwa mbali.

Kandoni palikuwa na wazee watatu wameketi juu ya vibao, wanakunywa chai katika vile vigilasi vyao vyembamba kiunoni. Nilisimama mbele yao, Kituruki sikijui, Kiingereza kilikuwa kimenitoka kichwani, na neno lililokuja ni la nyumbani. "Sukari," nikasema. "Sukari, baba." Mzee mmoja akanitazama. "Şeker?" akauliza. Wallahi neno lile lilinifikia kama salamu ya jirani. Akanitilia kiganjani vipande vinne vya sukari, vile vya mraba vinavyoliwa na chai, akaninyoosha mkono nikae. Nikavitafuna kama mtoto. Aliponiona nataka kuinuka akanishika bega akasema, "Beş dakika." Dakika niliijua. Nikakaa dakika zake tano, na katika muda huo wote nilikuwa nafikiri kwamba kitu hiki kilichokula mguu wa baba yangu ndicho ninachokitafuna kandoni mwa barabara ili nipate kusimama.

Zilizobaki sikuzikimbia zote. Nilikimbia kidogo, nikatembea kidogo, kama kwenye mibuyu. Kwa sasa watazamaji walikuwa wachache na hakuna aliyesema "Kenya". Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 46. Mpwa wangu alikuwa akilia, sijui kwa furaha au kwa kungoja.

Alasiri alinipeleka Eyüp kama alivyoahidi. Uwanja wa msikiti ulikuwa umejaa njiwa na watoto, na mbele ya kaburi la Sahaba watu wamesimama wakiomba dua kwa sauti ya chini. Nilimsalimia na kumwombea, na nikamwombea baba. Msikiti wa kwanza ulijengwa hapo mwaka 1458, ukajengwa upya mwisho wa karne ya 18. Tulipokwenda kuswali Alasiri, magoti yangu yalikataa kupinda. Nikaletewa kiti. Nikaswali juu yake, katika safu ya mwisho, pembeni karibu na mlango.

Mombasa nilifika usiku wa Jumatano. Mama alikuwa bado macho. Hakuitaka medali.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa maelfu huko, mama."

"Na nyuma yako walikuwako watu?"

"Walikuwako."

"Haya, vua viatu."

Akachukua tochi, akainama kwa taabu, akazitazama nyayo zangu, moja baada ya moja, na katikati ya kila kidole, kama alivyokuwa akimfanyia baba jioni zote zile za mwisho. Kwenye kidole kidogo cha kushoto alikuta lengelenge limepasuka. Akalimulika muda mrefu.

"Kesho asubuhi," akasema, "hospitali kwanza, kazini baadaye."